Kuhama, Kuhamia na Kuhamishwa

  Usiku wa leo nimekusudia tuzungumze juu ya neno moja na jamaa zake, nalo si neno la vitabuni wala la wataalamu peke yao, bali ni neno ambalo kila mmoja wetu amepata kulitamka, na wengi wetu tumepata kulitenda: neno kuhama.

Yamkini yuko atakayeniuliza, bwana, kuhama kuna nini cha kuzungumzwa? Mtu hutoka hapa akaenda pale, basi. Nami namjibu kwamba lau ingekuwa hivyo, lugha yetu ingetosheka na neno moja tu la jambo hilo. Lakini wazee waliotuachia Kiswahili hawakutosheka. Wamesema kuhama, wamesema kugura, wamesema kuhajiri, wamesema kulowea na kutamakani, na juu ya hayo wamekichukua kitenzi kimoja, hama, wakakifunga mikia mbalimbali, na kila mkia ukaleta maana yake.

Basi na tuanze karibu, hapa hapa mtaani. Jirani yako anapakia mkokoteni asubuhi: kitanda kilichokwisha kufunguliwa, godoro lililokunjwa, jiko la mkaa, ndoo na kabati la vyombo. Unamsalimu, unamwuliza kulikoni. Akikujibu, "Nahama," amekuarifu kwamba anaondoka, na habari yenyewe imeishia pale pale anapotoka. Akikujibu, "Nahamia Mbagala," hapo amekwisha kuugeuza uso, anakuonyesha anakofikia, na pengine anakualika. Lakini akikujibu, "Nimehamishwa," huna haja ya kuuliza neno la pili ndipo ujue kwamba yuko mtu nyuma ya habari hii, mwenye nyumba au mwajiri au serikali, ambaye ndiye aliyetoa amri. Mkokoteni ni ule ule, masafa ni yale yale, na kitanda ni kile kile. Kilichobadilika ni jibu la swali ambalo nitalirudia mara nyingi usiku huu, na ambalo naomba mlishike: ni nani aliyekata shauri?

Kutokana na hama tunapata mhamaji, na kutokana na hamia tunapata mhamiaji, na wengi wetu huyachanganya majina haya kana kwamba ni mamoja. Mtu aondokaye Pemba akaenda kukaa Maskati ni mhamaji kwa watu wa Pemba waliobaki nyuma, na ni mhamiaji kwa watu wa Maskati waliompokea. Idara ya serikali ishughulikiayo mambo haya imeitwa Uhamiaji, jina linalomtazama mtu ajaye, ilhali wengi wetu tumeijua milango yake kwa sababu tunatafuta pasipoti ya kuondokea! Hilo ni la kucheka tu, wala silitii katika makosa.

Sasa tuwatazame jamaa wengine. Kugura ni neno la kale, maana yake ni ile ile ya kuhama, nami niliwahi kudhani kwamba limebaki katika tenzi na vinywani mwa wazee wa pwani; kumbe waandishi wa magazeti ya Kenya wamelifufua, na leo hii mchezaji hugura klabu yake na mbunge hugura chama chake, na neno limepata umri mpya pasipo kuomba ruhusa ya mtu.

Kuhajiri limetujia pamoja na dini, na hapa naomba tukae kidogo. Mwaka 622 kwa hesabu ya Miladi, Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliondoka Makka, mji aliozaliwa, akaenda Yathrib, mji ambao baadaye ulijulikana kwa jina la Madina. Na walioondoka kama yeye wakaitwa Muhajirina, na wenyeji waliowapokea wakaitwa Ansari, yaani wenye kunusuru. Tena Khalifa Umar alipotaka kuweka tarehe ya Waislamu, hesabu haikuanzwa kwa mwaka wa kuzaliwa Mtume, wala kwa mwaka wa kushuka wahyi, bali ilianzwa kwa mwaka wa kuhama. Watu wale walikuwa wameudhiwa na kuteswa kwao, na walioondoka wengi waliacha mali zao nyuma, wala hakuna awezaye kusema kwamba walitoka kwa raha. Hata hivyo neno halikuwahesabu kuwa ni watu waliofukuzwa. Liliwahesabu kuwa ni watu waliokata shauri kwa ajili ya jambo walilolipenda kuliko majumba yao. Ndiyo sababu mtu wa pwani akisema fulani amehajiri, hulitamka neno hilo kwa taadhima ambayo haimo katika kuhama kwa mwenye mkokoteni. Na tusisahau kwamba Muhajirina hawatajwi pasipo Ansari: lugha imemtaja mwenye kuja na mwenye kupokea kwa pamoja, jambo ambalo katika taarifa zetu za siku hizi ni nadra.

Ama kulowea, na kutamakani ambalo ni karibu yake, hayasemi habari ya njia hata kidogo. Mtu aliyelowea ni yule aliyekuja mahali pasipo pake, akakaa, akazoea, hata pakawa pake. Lilikuwa neno la upole kabisa. Miji yote ya pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, imejaa watu ambao mababu zao walilowea. Kisha wakaja Wazungu wakazitwaa nyanda za juu za Kenya, na katika kutafuta jina la wakulima wale lugha ikawapa jina la walowezi. Tangu hapo neno limenuka. Leo ukimwambia mtu kwamba babu yake alikuwa mlowezi, yafaa uwe umekaa mbali naye kidogo. Neno halikuharibiwa na wenye kamusi, liliharibiwa na mashamba yaliyonyang'anywa.

Liko na neno jingine ambalo, kwa maoni yangu, huwadhulumu watu kila siku, nalo ni kuhamahama. Katika Kiswahili, kitenzi kikirudiwa mara mbili aghalabu huingiwa na maana ya kufanya jambo ovyo ovyo, pasipo kituo: mtu hutangatanga, huzungukazunguka, hubabaikababaika. Basi tunaposema wafugaji wanahamahama, tumekwisha kuwahukumu kabla ya kuwauliza. Waulizeni Wamasai wa upande wa Tanzania, watawaambia kwamba kiangazi kinapozidi, vijana hutoka na ng'ombe wakaenda ronjo, yaani kambi ya malisho ya muda, ilhali wazee na kina mama na watoto wadogo hubaki bomani pamoja na ng'ombe wachache wa maziwa; na mvua zinaponyesha, vijana hurudi. Nawauliza wasikilizaji: nani hapo aliyehama? Boma liko pale pale. Mtumishi wa serikali aendaye safari ya kikazi kwa miezi miwili huambiwa amesafiri, wala hapana aliyemwita mhamahamaji.

Kuhamahama ningewaachia nyumbu. Wale wa Serengeti, ambao wamepita milioni moja, huzunguka mwaka mzima wakizifuata mvua na majani, wakavuka mto Mara kwenda Kenya yapata mwezi wa Julai au Agosti, kisha wakarudi kusini. Na hata hao ukiwachunguza utaona kwamba njia yao ina utaratibu kuliko safari za wengi wetu.

Basi mabibi na mabwana, sasa nafika mahali ambapo maneno haya si mchezo wa watu wapendao lugha, bali ni mali, na ni shamba, na ni kesi mahakamani. Wazee mlio vijijini Tanzania Bara mnakumbuka. Mwezi Novemba mwaka 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kabla ya kumalizika mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji, na kilichokuwa wito tangu Azimio la Arusha kikawa amri. Ikaja ile iitwayo Operesheni Vijiji. Malori yalipita, mgambo walipita, na mamilioni ya watu waliondoka katika makazi yao yaliyotawanyika wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Madhumuni yalikuwa kuwaweka watu karibu na shule, zahanati na maji, na ziko familia nyingi ambazo watoto wao walisoma kwa sababu hiyo. Lakini pia ziko sehemu ambapo nyumba zilivuliwa mapaa au kutiwa moto ili wenyewe wasirudi.

Sasa sikilizeni jinsi habari hii inavyosimuliwa. Katika hotuba na katika vitabu vingi vya siku zile, wananchi walihamia vijijini. Walihamia! Kitenzi cha mtu mwenye hiari, aliyeugeuza uso kule anakokwenda na akapapenda. Keti na mzee yule yule barazani kwake, naye hatasema, "Tulihamia." Atasema, "Mwaka ule tulipohamishwa." Na mahali alipotoka, penye miembe aliyoipanda baba yake, vigae vya vyungu na makaburi ya wazee, atapaita mahame. Ni neno zuri hilo, mahame, na la huzuni. Ndilo lililotumika tangu zamani kwa magofu ya miji iliyoachwa, kama vile Gede karibu na Malindi, na sasa lilitumika kwa mashamba ambayo mwenyewe yu hai na anaweza kuyafikia kwa miguu kabla ya jua kuwa kali.

Hapo ndipo swali letu la nani aliyekata shauri lilipogeuka kuwa la sheria. Maadamu mtu amehama kwa hiari yake, ameliacha shamba, na anayelima mahame yake hana kosa. Lakini kama alihamishwa, je, shamba si lake bado? Miaka ya themanini watu wengi walikwenda mahakamani kwa swali hili hili, na baadhi yao wakarudishiwa ardhi zao. Serikali, ikihofia kwamba vijiji vingi vitavurugika, ilipitisha mwaka 1992 sheria ya kuzifuta haki za kimila za watu juu ya ardhi walizokuwa nazo kabla ya operesheni, ikakataza wasilipwe fidia kwa kupotewa na haki hizo, tena ikazifungia mahakama mlango zisisikilize madai ya namna hiyo. Mkulima mmoja na mwanawe wa mkoa wa Arusha, ambao walikuwa wamekwisha kushinda kesi yao, hawakukubali. Na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali kama mali nyingine, inalindwa na Katiba, wala mtu hawezi kunyang'anywa pasipo fidia ya haki, na vifungu vilivyopingana na jambo hilo vikatanguliwa. Mimi si mwanasheria, wala sidai kwamba majaji walikuwa wakipima viambishi vya Kiswahili, hasha. Lakini nasema kwamba mzee yule wa barazani, aliposhikilia kusema tulihamishwa miaka yote ile, wakati redio na vitabu vikisema walihamia, alikuwa akilihifadhi dai lake kwa herufi tatu tu.

Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili walilielewa jambo hili vizuri. Wana wa Israeli walipochukuliwa mateka kwenda Babeli, wafasiri hawakuandika uhamiaji wa Babeli, waliandika uhamisho. Neno ni hilo hilo analoletewa mwalimu wa Mtwara katika bahasha anapopangiwa shule ya Bukoba, na wako walimu watakaoniambia kwamba tofauti si kubwa sana.

Hata hivyo nisije nikawadanganya kwamba kila kuhama kuna mtu mmoja aliyekata shauri siku moja. Kuko kuhama kunakomjia mtu kidogo kidogo bila ya yeye mwenyewe kukujua. Zamani za ukoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga yalihitaji mikono, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kutafuta vibarua, ile iliyojulikana kwa jina la SILABU, ikiwatoa watu Kigoma, Songea na Rungwe kwa mkataba. Watu hao wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Hapana manamba aliyeaga kwao akisema nahama, alisema, "Nakwenda kazini, nitarudi." Wengine walirudi, na wengine walipata wake, wakalima vijishamba, wakazika watoto, na siku moja wakagundua kwamba wamelowea. Vivyo hivyo Wamakonde waliotoka Msumbiji wakaingia katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, pwani ya Kenya. Walikaa huko kizazi baada ya kizazi pasipo vitambulisho vya nchi, hata mwaka 2016 walipoandamana kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, na baada yake wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wajukuu hawa walikuwa wakiitwa wahamiaji, nao hawakuwa wamehama popote.

Nalisema hilo nikijua ya kuwa baada yangu inakuja taarifa ya habari, na pengine usiku huu huu mtasikia humo maneno mawili ambayo yamezoeleka mno: wahamiaji haramu. Tuyatazame moja moja. Haramu ni neno zito; sisi husema riba ni haramu, husema mzoga ni haramu, na tukitaka kumtukana mtu kwa matusi ambayo hayafutiki, humwita mwana wa haramu. Kuvuka mpaka bila ya hati ni kosa la sheria, sikatai, na sheria ina adhabu yake. Lakini kosa ni la kitendo, nasi tumelibandika juu ya mtu mwenyewe. Na hilo la uhamiaji nalo? Vijana wa Kihabeshi wanaokamatwa ndani ya malori kule Moshi, Morogoro na Mbeya hawakuja kukaa Moshi wala Morogoro wala Mbeya. Nia yao ni Afrika Kusini, na majina mengi ya miji yetu hawayajui. Hawahamii kwetu, ni wapita njia. Mwezi Juni mwaka 2012 zaidi ya 40 kati yao walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kufungiwa ndani ya lori bila ya hewa, na hata siku ile, maiti walitangazwa kuwa ni wahamiaji haramu.

Vijana wetu wa Dar es Salaam wana neno lao, kuzamia, la mtu anayejificha ndani ya meli pasipo nauli wala hati ili afike Ulaya. Mzamiaji ni yule yule mvunja sheria, lakini katika neno lile mna ujasiri na kicheko kidogo. Je, si ajabu kwamba wa kwetu akienda huitwa mzamiaji, na wa wenzetu akija huitwa haramu?

Neno la mwisho ni mkimbizi, nalo linatokana na kukimbia, kitendo ambacho kwa tabia yake ni cha muda: mtu hukimbia, hufika, husimama. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwafanya watu kwa maelfu kuvuka kuingia Tanzania, wakapewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, pori tupu wakati ule, wakalima hata wakawalisha majirani zao. Walizaa huko. Kijana aliyezaliwa Katumba mwaka 1985 aliitwa mkimbizi tangu siku ya kwanza, na mimi nauliza, alikimbia nini, na alikimbia lini? Baada ya miaka karibu arobaini serikali ya Tanzania ilifanya jambo ambalo nchi chache duniani zimethubutu kulifanya: ilikubali kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 miongoni mwao, na wengi walipata hati zao kuanzia mwaka 2014. Siku ile waliacha kuitwa wakimbizi, wakaanza kuitwa raia wapya, hata yule mwenye umri wa miaka thelathini ambaye hajapata kuiona nchi nyingine.

Lakini kabla ya hati zile kutolewa palikuwa na sharti, nalo ndilo lililonifanya nilichague neno hili kwa usiku wa leo. Walitakiwa waondoke katika makazi yale wakatawanywe katika mikoa mingine. Yaani, ili mtu ahesabiwe kuwa mwenyeji, alitakiwa kwanza ahame. Wao wakauliza: mashamba je, na makaburi ya wazazi wetu je? Azma ile baadaye iliachwa, wakabaki walipo, na barua zilizoandikwa juu ya jambo hilo, nyingi nilizopata kuzisoma, zilitumia neno kuhamia.

Muda wangu umekwisha, na msomaji wa habari ameshaingia humu ndani na karatasi zake mkononi.